Vijenzi Vitatu au Sita? Ulinganisho wa Mbinu za Kuamua Idadi ya Vijenzi katika Modeli za PARAFAC za Data ya Floresensi

Mtu aliyekwisha kupima sampuli zake kwa mashine ya floresensi, akaisafisha data na kuendesha modeli ya PARAFAC (njia ya kihisabati ya kuigawa data hiyo katika vijenzi, yaani michango ya kemikali mbalimbali) yenye vijenzi viwili, kisha vitatu, kisha vinne, hadi saba, hufika mahali ambapo programu haimsaidii tena. Kila modeli imekamilika, kila moja ina picha zake za kupendeza, na hakuna inayojitangaza kuwa ndiyo. Miongozo humpa vigezo vingi vya kuamulia, lakini vigezo hivyo mara nyingi havisemi kitu kimoja: kimoja kitataka vijenzi vitatu, kingine vitano, cha tatu kitazikataa modeli zote. Makala hii inavilinganisha vigezo vitano vinavyotumika zaidi, kwa kuwafikiria hasa wanafunzi, walimu wa maabara na wataalamu wa maji wa Nyanda za Juu Kusini, ambako maji ya Ruaha, maji ya maziwa ya volkano ya Rungwe na mafuta ya parachichi ya Njombe huleta matatizo yasiyofanana hata kidogo.

Kwanza tukumbushane kinachohesabiwa. Katika floresensi, molekuli hufyonza mwanga wa urefu fulani wa wimbi na kutoa mwanga wenye wimbi refu zaidi. Mashine hubadilisha wimbi la uchocheaji hatua kwa hatua, na kwa kila hatua hupima utoaji wote, hata kila sampuli ikapata jedwali lake. Majedwali hayo yakipangwa moja nyuma ya jingine, tunapata data ya njia tatu: sampuli, uchocheaji na utoaji. PARAFAC, ambayo Richard Harshman aliieleza mwaka 1970, na ambayo Carroll na Chang waliifikia mwaka huohuo kwa njia yao, huichukua data hiyo kuwa jumla ya vijenzi vichache, ambapo mchango wa kila kijenzi ni zao la mambo matatu: kiasi chake katika sampuli, umbo la uchocheaji wake na umbo la utoaji wake. Sharti hilo la kuzidishana linaafikiana vizuri na fizikia ya floresensi ilimradi myeyuko uwe mwepesi. Tena ndilo linaloipa PARAFAC sifa yake kubwa, kwamba jibu lake, kwa masharti ambayo Kruskal aliyaonyesha mwaka 1977, ni la pekee, na kwa hiyo umbo linalopatikana linaweza kuwa la kemikali halisi badala ya kuwa mchanganyiko wa kihisabati tu.

Sifa hiyo ina gharama yake. Modeli ya vijenzi vinne si modeli ya vitatu iliyoongezewa kimoja. Ukibadilisha idadi, vijenzi vyote hubadilika. Ukichukua vichache mno, kemikali mbili tofauti hubanwa katika kijenzi kimoja ambacho hakipo popote katika maji. Ukichukua vingi mno, kemikali moja hupasuliwa vipande viwili vinavyofanana, au modeli huanza kueleza kelele za mashine na mabaki ya mtawanyiko wa mwanga. Makosa haya mawili hayana uzito sawa kwa kila mtafiti, na jambo hilo ndilo litakaloongoza ulinganisho huu.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulinganisha

Kila mbinu hapa chini itapimwa kwa mambo manne: swali hasa inalojibu, mahitaji yake ya sampuli, muda na programu, upande ambao hukosea, yaani kama huruhusu vijenzi vizidi au huvipunguza isivyostahili, na mtu ambaye inamfaa zaidi. Jambo la tatu naliona kuwa zito kuliko mengine, kwa sababu watu wengi huvitumia vigezo hivi kama wapiga kura, wakihesabu vingapi vimesema vinne na vingapi vimesema vitano, ilhali baadhi ya vigezo vina uwezo wa kuzuia idadi isishuke chini ya kiasi fulani, na vingine vina uwezo wa kuizuia isipande tu. Kigezo cha kuzuia chini hakiwezi kupingana na kigezo cha kuzuia juu mpaka pale idadi ya chini inayodaiwa na kimoja inapozidi idadi ya juu inayoruhusiwa na kingine.

Ulinganisho wote unachukulia kwamba data imeandaliwa ipasavyo: mtawanyiko wa Rayleigh (mwanga wa kuchochea unaotawanyika bila kubadilika wimbi) umeondolewa, kipimo cha maji safi kimeondolewa kwenye kila sampuli ili kupunguza mtawanyiko wa Raman (mwanga unaotawanywa na maji yenyewe kwa wimbi refu zaidi kidogo), ufyonzaji wa sampuli yenyewe umesahihishwa, na modeli imeanzishwa mara nyingi kutoka nafasi za kubahatisha ili isinase kwenye jibu la uongo. Ikiwa modeli moja ya vijenzi vitano hutoa majibu tofauti kila inapoanzishwa upya, hakuna kigezo kitakachoiokoa.

Asilimia ya data iliyoelezwa

*Swali linalojibiwa.* Modeli imeeleza sehemu gani ya data yote? Programu hujumlisha vipeo vya pili vya mabaki na kuvilinganisha na vya data nzima. Mtafiti huchora mchoro wa asilimia hiyo dhidi ya idadi ya vijenzi na kutafuta mahali ambapo mstari unapinda na kuanza kulala.

*Mahitaji.* Karibu hakuna. Kila programu huitoa namba hii bila kuombwa.

*Upande wa kukosea.* Asilimia haishuki kamwe unapoongeza kijenzi, kwa hiyo yenyewe haikuzuii juu. Wala haikuzuii chini kwa uaminifu, kwa kuwa katika maji ya mito vijenzi viwili au vitatu vya mboji iliyoyeyuka huwa na nguvu kiasi kwamba modeli ya vijenzi vitatu inaweza kufika asilimia 99 ikiwa imeiacha nje kabisa ishara ndogo ya protini ambayo huenda ndiyo iliyokupeleka mtoni. Asilimia moja iliyobaki si lazima iwe kelele.

*Anayefaidika.* Mtu anayetaka kujua kama kuna hitilafu kubwa. Modeli inayoeleza asilimia 80 tu ya data ya floresensi ina tatizo, na mara nyingi tatizo hilo liko kwenye uandaaji wa data. Zaidi ya hapo, kigezo hiki sikipi nafasi ya kuamua.

Uthabiti wa kiini

*Swali linalojibiwa.* Je, data inakubali kweli sharti la kuzidishana kwa idadi hii ya vijenzi? Mbinu hii, iliyochapishwa na Rasmus Bro na Henk Kiers mwaka 2003, huchukua maumbo yaliyopatikana na PARAFAC na kuuliza: kama vijenzi vingeruhusiwa kuchanganyika, uchocheaji wa kimoja ukaungana na utoaji wa kingine, je, vingechanganyika? Ikiwa jibu ni hapana, thamani hukaribia 100. Ikiwa vinatamani kuchanganyika, thamani hushuka, inaweza kufika sifuri, na inaweza hata kuwa hasi. Kwa desturi, thamani ya 90 na zaidi huchukuliwa kuwa nzuri, ile ya karibu na 50 huleta shaka, na iliyo karibu na sifuri humaanisha kwamba modeli haifai.

*Mahitaji.* Hesabu yake ni ya haraka, na haihitaji sampuli nyingi. Mtu mwenye sampuli sita anaweza kuitumia bila wasiwasi, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa mbinu inayofuata.

*Upande wa kukosea.* Uthabiti wa kiini ni kigezo cha kuzuia juu. Modeli ya kijenzi kimoja hupata 100 siku zote, na ile ya viwili mara nyingi huwa juu. Hiyo haina maana kwamba viwili vinatosha. Kinachotafutwa ni modeli ya mwisho kabla thamani haijaporomoka. Katika michanganyiko iliyotengenezwa maabara, poromoko hilo huonekana wazi. Data maarufu ya mafunzo inayotolewa na Chuo Kikuu cha Copenhagen, yenye sampuli tano za tiriptofani, tairosini na fenilalanini (asidi amino zinazounda protini) zilizopimwa kwa utoaji wa nanomita 250 hadi 450 na uchocheaji wa nanomita 240 hadi 300, hukubali vijenzi vitatu bila ubishi, na kijenzi cha nne huiangusha thamani. Maji ya asili si hivyo. Maumbo ya mboji hufanana sana yenyewe kwa yenyewe, na mabaki ya mtawanyiko huongeza vurugu, kwa hiyo si jambo geni thamani kuporomoka baada ya kijenzi cha tatu au cha nne ilhali cha tano kinajirudia katika kila kipimo kingine. Kwa maji ya mto, kigezo hiki ni kipimajoto: kinaonyesha kwamba kuna homa, hakitaji ugonjwa.

*Anayefaidika.* Mwalimu wa maabara, mtengenezaji wa dawa au chakula anayepima michanganyiko yenye kemikali chache zinazojulikana, na yeyote mwenye sampuli chache zilizo safi.

Kugawa sampuli nusu kwa nusu

*Swali linalojibiwa.* Je, mtu mwingine aliyekusanya nusu nyingine ya sampuli hizi angepata maumbo yaleyale? Kwa kuwa jibu la PARAFAC ni la pekee, nusu mbili zisizochangia sampuli zinapaswa kutoa maumbo yanayofanana ya uchocheaji na ya utoaji, hata kama viasi vinatofautiana. Utaratibu uliozoeleka, ambao Murphy na wenzake waliueleza mwaka 2013 katika mwongozo wao wa floresensi na PARAFAC, ni kuzigawa sampuli katika robo nne, A, B, C na D, kisha kuziunganisha kuwa nusu sita zinazolinganishwa mara tatu: AB dhidi ya CD, AC dhidi ya BD, AD dhidi ya BC. Ufanano hupimwa kwa kipimo cha Tucker, ambacho huwa 1 maumbo yakiwa sawa kabisa, na wengi hukubali maumbo kuwa sawa yanapofika 0.95 au zaidi kwa uchocheaji na kwa utoaji.

*Mahitaji.* Hapa ndipo mfuko na subira hupimwa. Mwenye sampuli 12 atabaki na sampuli tatu katika kila robo na sita katika kila nusu, na ni vigumu nusu ya namna hiyo kubeba vijenzi vitano. Kompyuta nayo itafanya kazi ya modeli nyingi, kila moja ikianzishwa mara kadhaa. Programu si kikwazo kikubwa kama zamani: drEEM hukaa ndani ya MATLAB, ambayo ina leseni ya kulipia, lakini staRdom hutumia R, ambayo ni ya bure, nayo hufanya mgawanyo huu na kukokotoa uthabiti wa kiini pia.

*Upande wa kukosea.* Huu nao ni uzio wa juu, tena madhubuti kuliko uliotangulia, ila una milango miwili iliyo wazi.

Mlango wa kwanza ni kijenzi cha kweli kinachopatikana katika sampuli chache. Tuchukulie kwamba mtafiti amekusanya maji ya Ruaha Mdogo kuanzia upande wa Mufindi hadi baada ya kupita Iringa mjini, na kwamba ving'arishi vya sabuni ya unga, ambavyo hutoa mwanga wa karibu na nanomita 430, vimejitokeza katika vituo viwili tu ambako watu hufulia. Mgawanyo wa kubahatisha ukiziweka sampuli hizo zote katika nusu moja, nusu ya pili haitakiona kijenzi hicho, na modeli itatangazwa kuwa imeshindwa. Kilichoshindwa hapo ni mgawanyo. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kila robo ina sampuli za kila eneo na za kila msimu, au kukusanya zaidi pale ambapo ishara imeonekana.

Mlango wa pili ni hatari zaidi kwa sababu humfanya mtafiti ajipongeze kwa kosa. Kosa linalojirudia katika sampuli zote litajirudia pia katika nusu zote. Mfano ulio karibu ni mtawanyiko wa Raman wa maji. Mwanga wa kuchochea ukiwa nanomita 350, mtawanyiko huo huonekana karibu na nanomita 397, mahali ambapo wengi wanaujua na kuutazamia. Lakini uchocheaji ukiwa nanomita 275, mtawanyiko huohuo huangukia karibu na nanomita 303, jirani kabisa na kilele cha tairosini, ambacho huwekwa karibu na nanomita 305. Maabara iliyoacha mabaki kidogo ya Raman inaweza kupata kijenzi kinachofanana na protini, kinachopita majaribio yote matatu kwa alama za juu, na ambacho kingeonekana hata katika chupa ya maji yaliyokenekwa. Kwa hiyo kupita mtihani wa nusu kwa nusu ni ushahidi kwamba kitu kinajirudia; kwamba kitu hicho kiko katika maji ya mto ni hoja nyingine.

Pia ikumbukwe kwamba modeli yenye vijenzi vichache mno hupita mtihani huu kirahisi. Kusema kwamba modeli ya vijenzi vitatu imethibitishwa na ile ya vitano haikuthibitishwa hakumaanishi kwamba vitatu ndiyo idadi sahihi.

*Anayefaidika.* Mwenye sampuli nyingi kutoka mahali pengi, anayekusudia kuchapisha matokeo na kuyalinganisha na ya wengine.

Kuchunguza mabaki

*Swali linalojibiwa.* Modeli imeacha nini? Ukitoa kilichoelezwa kutoka kwa kilichopimwa, kila sampuli hubaki na jedwali la tofauti. Kama modeli inatosha, jedwali hilo litaonekana kama vumbi lisilo na mpangilio, lenye ukubwa unaokaribiana na kelele za mashine. Kama kijenzi kinakosekana, utaona kilima, na pembeni yake bonde, kwa sababu vijenzi vilivyopo vimejinyoosha kujaribu kuliziba pengo.

*Mahitaji.* Macho, muda na uaminifu. Ni lazima majedwali yote yachorwe kwa kipimo kimoja cha rangi. Programu ikiachiwa kuchagua rangi upya kwa kila sampuli, kelele tupu huonekana kama milima ya Livingstone. Inafaa pia kupima sampuli moja mara kadhaa, pamoja na maji safi, ili kuzijua kelele za mashine yenyewe, maana bila kipimo hicho hakuna njia ya kusema kama kilima kilichoonekana ni kikubwa au kidogo.

*Upande wa kukosea.* Kati ya mbinu zote tano, hii ndiyo pekee inayozuia chini kwa dhati. Kilima kinachotokea mahali palepale katika sampuli nyingi, chenye umbo la mviringo ambalo floresensi huwa nalo, hakiwezi kupuuzwa kwa kusema kwamba asilimia ni 99.6. Udhaifu wake ni kwamba mabaki hayaishi kamwe. Sampuli zenye mboji nyingi, kwa mfano zinazochotwa mwanzoni mwa mvua za Novemba pale vijito vinaposhusha majani na udongo, huacha mabaki makubwa hata modeli ikiwa sawa, kwa sababu kosa dogo la kusahihisha ufyonzaji hukua pamoja na ishara. Anayefukuza kila kilima hujikuta na vijenzi tisa. Tofauti huonekana katika umbo: mabaki ya mtawanyiko hufuata mstari wa mshazari, kwa kuwa utoaji wake husogea pamoja na uchocheaji, ilhali kilele cha floresensi hubaki kwenye utoaji uleule hata uchocheaji unapobadilika.

*Anayefaidika.* Kila mtu, lakini hasa anayetafuta ishara dhaifu. Ningemshauri mtafiti aanze hapa kabla ya kuangalia namba yoyote, kwa sababu namba ikishaingia kichwani macho huanza kuona inachotaka.

Maana ya kikemia

*Swali linalojibiwa.* Je, kitu chenye umbo hili kinaweza kuwepo? Umbo la utoaji la kemikali moja huwa laini, na kwa kawaida lina kilele kimoja, hata kama uchocheaji wake una vilele viwili au vitatu. Uchocheaji na utoaji havipaswi kulaliana kwa upana. Umbo lenye meno ya msumeno, au linalokatika ghafla pale data ya mtawanyiko ilipoondolewa, ni dalili ya modeli iliyozidisha vijenzi.

*Mahitaji.* Ujuzi wa kemia na kumbukumbu za wengine. Vilele vinavyojulikana vya maji viliorodheshwa na Paula Coble mwaka 1996: tiriptofani kwa uchocheaji wa nanomita 275 na utoaji wa 340, mboji ya nchi kavu kwa uchocheaji wa karibu na 350 na utoaji wa 420 hadi 480, na kadhalika. Hifadhi ya OpenFluor humruhusu mtafiti kulinganisha maumbo yake na ya modeli zilizokwisha kuchapishwa, na huduma hiyo haina malipo.

*Upande wa kukosea.* Kigezo hiki hukosea kwa kufuata matakwa ya anayekitumia. Hifadhi ikiwa kubwa, karibu kila umbo la mboji litapata mwenzake, na kupata mwenzake hakuthibitishi kwamba modeli ni sahihi. Kwa upande mwingine, kijenzi kisicho na mwenzake si lazima kiwe kosa. Maji ya maziwa kama Ngozi na Masoko, yaliyo katika mashimo ya volkano, hayana sababu ya kufanana na maji ya bahari za kaskazini ambako modeli nyingi zilizaliwa.

*Anayefaidika.* Mwenye kemikali anazozitegemea. Mafuta ya parachichi ni mfano mzuri: tokoferoli (vitamini E) huonekana kwa uchocheaji wa karibu na nanomita 295 na utoaji wa karibu na 330, na klorofili hutoa mwanga mwekundu wa karibu na 670 hadi 680. Modeli isiyovipata viwili hivyo ina maswali ya kujibu, hata kama vigezo vingine vimeipitisha.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Mwalimu anayewaandalia wanafunzi mchanganyiko wa kemikali tatu anazozijua anaweza kuutegemea uthabiti wa kiini peke yake, na somo litaeleweka zaidi wanafunzi wakiona thamani inavyoporomoka wanapoongeza kijenzi cha nne.

Mtafiti wa mto mwenye sampuli za misimu yote, kwa mfano kutoka vijito vya Mbeya na Njombe hadi Usangu na kutoka Ihefu hadi Mtera, anafaa kuanza na mabaki ili apate idadi ya chini, kisha aende kwenye mgawanyo wa nusu kwa nusu ili apate idadi ya juu. Zikikutana, amepata jibu. Ikiwa mabaki yanadai vijenzi vitano na mgawanyo haukubali zaidi ya vinne, asikimbilie kuchagua. Achunguze kwanza kama kijenzi cha tano kimo katika sampuli chache, na kama sampuli hizo zimegawanywa kwa haki. Uthabiti wa kiini katika hali hii autaje, ila asiikatae modeli kwa sababu yake tu. Na kama amechanganya maji ya vijito vya milimani na maji ya Ziwa Rukwa, ambayo ni ya magadi, ajaribu kuziendesha kanda mbili kwa modeli tofauti, maana pH huweza kubadilisha umbo la floresensi ya kemikali ileile, na kijenzi cha ziada kikawa kinaeleza magadi badala ya kemikali mpya.

Mwenye sampuli chache, tuseme za visima 10 vya kijiji kimoja, asijilazimishe kugawa nusu kwa nusu kwa sababu tu wakaguzi wa majarida huipenda. Atumie mabaki, maana ya kikemia na kuanzisha modeli mara nyingi, aridhike na idadi ndogo, na aandike wazi kwamba uthibitisho wa nusu kwa nusu haukufanyika kwa uchache wa sampuli.

Anayepima mafuta ya parachichi, kahawa ya Mbozi au chai ya Rungwe ana shida nyingine: sampuli hizi hufyonza mwanga kwa nguvu, na bila kuzizimua sharti la kuzidishana huvunjika kabla modeli haijaanza. Azizimue mpaka ishara ipungue sambamba na kiasi, kisha atumie uthabiti wa kiini pamoja na maana ya kikemia. Akiona uthabiti mdogo hata kwa vijenzi viwili, arudi kwenye kuveti (kichupa cha kupimia sampuli), si kwenye kompyuta.

Anayetafuta maji taka karibu na mji asiiamini asilimia ya data iliyoelezwa hata kidogo. Ishara ya tiriptofani huwa ndogo ikilinganishwa na mboji, na modeli iliyochaguliwa kwa asilimia huenda ikaiacha. Huyu anaweza kuvumilia kijenzi kimoja cha ziada kuliko kukosa kimoja, ilimradi apime chupa za maji safi kwa utaratibu uleule na kuhakikisha kwamba kijenzi chake cha protini hakimo humo.

Ofisi ya maji inayotaka kufuatilia mto uleule mwaka hadi mwaka inahitaji maumbo yasiyobadilika kuliko inavyohitaji idadi iliyo kamilifu. Ichague idadi iliyopita mgawanyo wa nusu kwa nusu, hata kama mabaki yanaonyesha kijenzi dhaifu kilichoachwa, iyafunge maumbo hayo, na kila msimu iziingize sampuli mpya katika modeli ileile bila kuijenga upya. Kila mara ichore mabaki ya sampuli hizo mpya kwa kipimo kilekile cha rangi. Siku kilima kitakapojitokeza mahali palipokuwa na vumbi tu, na kikaonekana tena katika sampuli za msimu unaofuata, ndipo modeli ijengwe upya kwa sampuli za zamani na mpya kwa pamoja.